Maji ya Kona ya Pili

Borzyce, 14 Juni 1978

Kaka Kornel,

Nimefaulu. Naanza na hilo ili usiruke mistari kulitafuta. Historia ndiyo iliyonitesa. Kwenye mtihani wa mdomo waliniuliza swali ninalolijua, nami nikanyamaza muda mrefu mpaka mjumbe mmoja wa kamati akanisogezea glasi ya maji. Nikanywa, nikajibu. Mama anasema shule imeisha na hakuna atakayeniita tena mbele ya ubao.

Sasa kila mtu ananiuliza nitafanya nini. Posta wanatafuta msichana wa dirishani, na Mama angependa niende. Mimi nikifikiria watu mia moja kwa siku wakiinamia lile tundu la kioo, viganja vinanitoka jasho. Kwa hiyo kwa sasa naenda uwanjani na Baba kumsaidia kutunza njia ya mbio za pikipiki. Asubuhi tunachana changarawe kwa reki, mchana tunamwagia maji. Reki haiulizi maswali. Bwana Hipolit wa trekta ndiye anayeuliza. Jana alitaka kujua kama cheti changu kinafundisha kokoto kukaa kimya kama mimi.

Baba ameitwa Chorzów. Mwezi wa nane kuna yale mashindano ya kimataifa kwenye uwanja mkubwa, njia inamwagwa changarawe upya, na wanakusanya watunza njia wazuri kutoka klabu zote. Tayari ameinunulia reki yake mpini mpya.

Watu hapa hawakusemi vibaya tena kwa kuhamia klabu ya Kamlin, au wanasema kidogo tu. Baba anakusalimu sana. Amesema: mwambie mwanangu mpendwa ajitunze, na Mungu amlinde katika kila kona.

Mdogo wako,
Ludka


Kamlin, 22 Juni 1978

Ludka, msomi wetu,

Hongera. Hapa nimemwonyesha fundi wangu barua yako, akasema msichana aliyefaulu historia na anayejua kushika reki asipelekwe posta, apelekwe serikalini.

Nami nina habari. Nimeitwa Chorzów. Usianze kulia, sikuitwa kushindana. Washindani ni kumi na sita: Waswidi, Wadenmaki, Waingereza, Warusi, Wacheki na watatu wa kwetu. Mimi ni namba kumi na saba, mtu wa akiba. Huyo ni mtu anayevaa ngozi, anafunga helmeti, anakaa kwenye benchi saa tatu mbele ya watu elfu themanini, kisha anavua helmeti na kwenda kula soseji. Akiguswa na bahati, mwenzake anakata utepe wa kuanzia, refa anamwondoa, naye anaingia mara moja. Mizunguko minne. Dakika moja na kidogo. Lakini Chorzów ni Chorzów.

Sasa nisikilize. Kwa miaka miwili umenipelekea salamu za Baba, na kwa miaka miwili nimezipokea. Ulipoandika "mwanangu mpendwa" ile mara ya kwanza nilijua. Baba hajawahi kuniita hivyo tangu nizaliwe. Nilipovunjika bega na kulazwa, alikuja, akaweka mfuko wa cheri kitandani, akasema, "Ulifungua mafuta mapema," akaondoka. Huyo ndiye Baba. Neno lake la upole kuliko yote ni "funga mdomo kwenye kona", kwa sababu nikiteleza kwa ubavu huwa naachama kama samaki na kumeza changarawe.

Sikukwambia kwamba najua, kwa sababu nilizihitaji hizo salamu hata kama ni zako. Lakini tarehe ishirini Agosti yeye atakuwa pale na reki, nami nitakuwa benchi, hatua hamsini kutoka kwake. Niambie ukweli kabla sijafika. Ataniangalia?

Kornel


Borzyce, 29 Juni 1978

Kaka,

Nimeona aibu siku tatu, ndipo nikaketi kuandika. Nisamehe. Nilianza kwa sababu barua bila salamu zake ilionekana tupu, na nikishaanza sikujua pa kuachia.

Ukweli ni huu. Halitaji jina lako. Mama akilitaja, anainuka kwenda kuangalia jiko, hata kama jiko limezimwa. Siku zile nyie Kamlin mnapokuja kwetu, anakuita "huyo wao wa namba nne".

Na kuna kijitabu. Unajua alivyo na kijitabu chake. Uwanja mzima unanunua kijitabu cha ratiba mlangoni na kukaa na kalamu, lakini hakuna anayekijaza kama Baba: alama tatu, mbili, moja, sifuri, kila mbio, kwa wino, bila kufuta hata mara moja. Vyote vimo kabatini, vimepangwa mwaka kwa mwaka. Nilivitazama akiwa kazini. Tangu uondoke, kila mkija, anajaza safu za watu wote isipokuwa yako. Ameiacha nyeupe. Kwa hiyo jumla hazitimii kamwe. Mwaka jana Kamlin mlitushinda kwa alama nane, nawe ulipata kumi na moja. Kwenye kijitabu cha Baba tulishinda sisi kwa alama tatu.

Nilicheka kidogo peke yangu pale kabatini, kisha nikaacha.

Anaamini ulijiuza kwa nyumba ya vyumba viwili na injini mpya. Alilisema mara moja tu, wiki uliyoondoka, akimwambia Bwana Hipolit. Alisema, "Nilimtengenezea njia miaka sita, akaiuza kwa ngazi ya zege ya ghorofa." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Sijui kama atakuangalia. Na mimi pia nina swali, kwa kuwa sasa tunasema ukweli. Kwa nini uliondoka? Hukunijibu wakati ule. Ulinipa baiskeli yako ukaenda.

Ludka


Kamlin, 9 Julai 1978

Ludka,

Nimeandika barua hii mara nne. Utakayoisoma ndiyo fupi.

Unaijua kona ya pili ya Borzyce. Unajua napenda kupita nje, karibu na ukuta. Huko changarawe ikiwa na maji ya kutosha inashika tairi, na mashine inakurusha kama kombeo. Ikiwa kavu ni kioo, unakwenda ukutani. Wengi hawathubutu. Mimi nilithubutu, na nilishinda, na nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilidhani mimi ni hodari.

Halafu siku moja, baada ya mechi na wale wa Ostrzyn, nilikuwa naosha uso nyuma ya kibanda. Mwendeshaji wao mmoja, mtu mzima, alikuwa akiongea na fundi wake. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema habari za hali ya hewa: "Huyu kijana hashindi, anashindiwa. Baba yake anammwagia maji mahali pake, mita nne kutoka ukutani, kona ya pili. Mpeleke uwanja mwingine uone."

Jumapili iliyofuata nilikwenda mapema, nikapanda jukwaani, nikamtazama Baba. Alizunguka na trekta la tangi kama kawaida. Kona ya kwanza, sawasawa. Kona ya pili, alimsimamisha Hipolit, akashuka, akashika mpira wa maji kwa mkono wake, akamwagia ule ukanda wa nje taratibu, kama Mama anavyomwagilia miche. Kisha akauchana kwa reki yeye mwenyewe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hiyo ilikuwa namna yake ya kuninunulia viatu, kama baba wengine wafanyavyo.

Ningemwambia nini? Baba, acha? Angeniuliza kwa nini, ningemwambia watu wanacheka, naye angeelewa kwamba miaka sita ya kazi ya mikono yake ndiyo inayonitia aibu. Sikuweza. Nilitaka tu kujua kama naweza kuendesha mahali ambapo hakuna anayenipenda. Kamlin walikuwa karibu na walinitaka. Nyumba nilipewa baadaye. Ina vyumba viwili kweli, na bomba linavuja.

Hapa nimeanguka sana, Ludka. Mwaka wa kwanza nilikuwa naanguka kila wiki. Sasa sianguki sana. Sasa najua.

Usimwambie. Nakuomba kama kaka yako. Afadhali aamini nilijiuza kuliko ajue alichofanya.

Kornel


Borzyce, 30 Julai 1978

Kaka,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kwanza nilitaka kutazama.

Nilitazama Jumapili tatu. Baba bado anamsimamisha Bwana Hipolit kwenye kona ya pili. Bado anashuka, bado anashika mpira kwa mkono wake na kumwagia ule ukanda, mita nne kutoka ukutani. Miaka miwili sasa, na katika waendeshaji wetu hakuna hata mmoja anayepita nje. Wote wanabana ndani kama kondoo. Wageni wanapotelezea huko kwa bahati mbaya mashine inashika ghafla na kuwatupa, nao wanamtukana mtunza njia. Nilimuuliza Bwana Hipolit kwa nini wanamwaga pale. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini Jumapili kuna misa. Akasema, "Binti, pale panamwagwa kwa sababu pale ndipo panapomwagwa."

Kwa hiyo unaona. Hataji jina lako, lakini kila Jumapili anakuandalia njia, nawe haupo.

Kaka, siwezi kubeba hili kimya. Unaniambia nisiseme, na mimi ni mtu ambaye kutosema ndiyo kazi yangu ya asili, ungefikiri ni rahisi. Si rahisi. Nakaa mezani kati yake na Mama, nakula supu ya chachu, na najua kitu ambacho kingemuumiza na kumponya kwa wakati mmoja.

Jumamosi anaondoka kwenda Chorzów kwa wiki mbili na zaidi. Tarehe kumi na tatu tuna mechi nyumbani na Ostrzyn. Na unajua ni nani aliyemwachia njia? Mimi. Mwenyekiti wa klabu alipinga, akasema msichana hatasikilizwa na mtu. Baba akamwambia, "Njia itamsikiliza," akavaa kofia, akatoka.

Nina hofu.

Ludka


Simu ya maandishi, Kamlin, 3 Agosti 1978

USIMWAMBIE STOP UTAWEZA KAZI YA NJIA STOP HIPOLIT HUSIKIA UKIONGEA KWA KIFUPI STOP KORNEL


Borzyce, 14 Agosti 1978

Baba,

Natumaini chakula cha kambini huko Chorzów si kibaya kama Mama anavyofikiri. Ameweka kwenye kifurushi hiki mkate, mafuta ya nguruwe ya kupaka, na soksi. Usimrudishie soksi.

Nakupa taarifa ya mechi ya jana. Tulishinda, arobaini na tisa kwa arobaini na saba. Hakuna aliyeanguka. Njia ilishika mpaka mbio ya mwisho na refa alimwambia mwenyekiti kwamba hakuna la kulalamikia. Nilichana nafasi za kuanzia mapigo manne manne ya reki, kama ulivyonifundisha, la kwanza hadi la nne sawa.

Mwanzoni Bwana Hipolit hakutaka kunisikia. Nilimwambia aanze kumwaga saa nane, akasema saa nane yeye hula. Vijana wa reki wakacheka. Nikasimama mbele ya trekta. Alipiga honi, sikuondoka. Alikula mkate wake wote akiwa amekaa juu pale, nami nimesimama, na alipomaliza akasema, "Haya, mama mkubwa, twende, unatisha kuliko baba yako."

Lakini kuna jambo moja nilifanya ambalo sikukuomba ruhusa. Tulipofika kona ya pili alisimama mwenyewe, kwa mazoea, akaningoja nishuke. Nikamwambia aendelee. Ule ukanda wa nje nimeumwagia sawa na pengine pote. Sikuuongezea hata ndoo.

Baba, sasa naandika kitu ambacho singeweza kukisema mbele yako, kwa sababu ungeinuka kuangalia jiko. Barua haiwezi kuinukiwa. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Kornel hakujiuza. Aliondoka kwa sababu ya ukanda ule. Alisikia watu wa Ostrzyn wakisema kwamba hashindi yeye, yanashinda maji yako. Alikwenda jukwaani akakuona ukimwaga. Hakukukasirikia. Aliona ulivyokuwa ukimwaga, na hakupata moyo wa kukwambia uache. Akaona ni rahisi zaidi kuondoka na kuitwa msaliti. Alitaka kujua kama anaweza mahali ambapo hakuna anayemwandalia. Mwaka wa kwanza alianguka kila wiki, nawe hukujua. Ameniomba nisikwambie na mimi nimevunja ombi lake, hivyo kama kuna mtu wa kulaumiwa, ni mimi.

Jumapili atakuwa benchi, namba kumi na saba. Nawe utakuwa na reki.

Sikuombi ufanye lolote. Naomba tu ujue.

Binti yako,
Ludka


Borzyce, 14 Agosti 1978

Kaka,

Nimemwambia. Barua imeshaingia kwenye sanduku, nimejaribu kuingiza mkono kuitoa na haufiki.

Nikasirikie baada ya mbio, si kabla. Kwenye mbio uwe na kichwa chepesi.

Tutasikiliza redio kwa jirani, Bibi Apolonia, yetu inakoroma. Nimejichorea jedwali la mbio zote ishirini kwenye karatasi ya kufungia sukari. Safu ya kumi na saba ipo.

L.


Chorzów, 21 Agosti 1978

Ludka,

Nilikukasirikia kuanzia Jumatano hadi Jumapili saa kumi na moja. Kisha sikuwa na nafasi.

Sijui redio ilikwambia nini, kwa hiyo nakuambia yote. Uwanja ule ni bakuli ambalo halina mwisho. Ukitoka kwenye handaki unasikia sauti kabla ya kuona watu, halafu unawaona, na kila mmoja ana kijitabu na kalamu. Elfu themanini wameinamisha vichwa kwa pamoja kuandika, halafu wanaviinua kwa pamoja. Mdenmaki mmoja aliniuliza kwa ishara kama wanasali.

Baba nilimwona mapema. Alikuwa amevaa ovaroli ya bluu kama wengine kumi, lakini mgongo wake ningeujua kwenye ukungu. Alikuwa akichana nafasi ya tatu na ya nne. Hakugeuka kuelekea benchi. Mbio ya kwanza, ya tano, ya kumi, hakugeuka. Nikajisemea, basi, barua imefika, na imemalizia kilichobaki.

Mbio ya kumi na nne, yule Mwingereza mrefu alikuwa na haraka. Alisukuma utepe kwa gurudumu la mbele, ukakatika. Taa ya refa ikawaka, akaondolewa. Fundi wangu akanipiga kofi mgongoni kabla sijaelewa. Namba kumi na saba, nafasi ya nne, ya nje kabisa, kifuniko cha helmeti cha njano.

Wakati huo wakasimamisha mbio kwa dakika tano ili wamwage maji, maana vumbi lilikuwa limezidi. Nilikuwa nimeshakaa juu ya mashine langoni. Na nikaona, Ludka, kwamba aliyepewa mpira wa maji kwenye kona ya pili ni Baba. Nikatazama ukanda wa nje. Aliushika mpira, akaupitisha ndani, katikati, nje, mwendo mmoja, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa wageni. Kwenye mita yangu ya nne alisimama. Kitambo kidogo, labda pumzi mbili. Kisha akafunga koki, akaondoka.

Halafu akaja kuchana nafasi ya nne kabla sijaingia. Nilihesabu. Mapigo manne. Hakuinua macho. Alipita karibu nami kiasi cha kunusa tumbaku yake, akaenda zake.

Sikuwa na muda wa kuhuzunika. Utepe ukaruka. Nikatoka wa mwisho. Kona ya kwanza nilikula changarawe ya wote watatu. Mzunguko wa pili nikaona Mswidi na Mrusi wanabanana ndani, na nje ni wazi, kavu kidogo, pale pasipo na mtu. Nikaenda. Hakukuwa na chochote cha kunishika pale isipokuwa mimi mwenyewe. Mashine haina breki, unajua, ina kiatu chako cha chuma na imani yako tu. Iliteleza, ikateleza zaidi, nikasema huu ndio ukuta, halafu ikashika. Nikampita Mrusi. Mzunguko wa mwisho, kona ileile, nikampita Mswidi. Mdenmaki alikuwa mbali, huyo mwacheni, si binadamu. Wa pili. Alama mbili. Watu elfu themanini waliinamisha vichwa wakaandika mbili.

Lakini Baba hakuja. Nilikaa kwenye eneo letu mpaka wakazima taa za majukwaa na kukunja bendera. Hakuja, na asubuhi hii kambi yao ilikuwa bado kazini, sikuruhusiwa kuingia. Sijakukasirikia tena. Ulifanya uliloweza. Huenda mtu akiambiwa jambo kama lile anahitaji miaka miwili mingine.

Kornel


Chorzów, 22 Agosti 1978

Ludka.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma mpaka mwisho. Niliisoma tena Ijumaa.

Soksi nimevaa.

Ulifanya vizuri kutomwaga ile ndoo. Ningekuwepo ningemwaga. Nilikuwa nikidhani ninampa kitu. Mtu akikata mti kumpa mwanawe fimbo ya kutembelea, hafikirii kwamba mtoto angeweza kutembea bila fimbo.

Jumapili walinipa mpira wa maji kwenye kona ya pili. Sikuomba, walinipa. Yeye alikuwa langoni amekaa juu ya mashine. Nilipofika pale pake, mkono ulitaka kubaki. Mkono wa kulia. Nikaushika kwa wa kushoto, nikafunga koki. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, na nimewahi kubeba reli.

Kisha nikachana nafasi yake kama ya wengine. Singeweza kumtazama. Ningemtazama, ningepiga pigo la tano.

Niliona alivyopita. Pale palikuwa pakavu. Mimi ninajua palivyokuwa pakavu kuliko mtu yeyote aliyekuwemo uwanjani.

Sikwenda kwake kwa sababu watu wa reki haturuhusiwi kwa waendeshaji. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba sikuwa na la kusema, na wewe unajua ulikorithi kimya chako.

Mwambie alikuwa ameachama tena. Kona zote nane.

Naambatanisha kijitabu. Kiweke kabatini.

Baba


Borzyce, 27 Agosti 1978

Kaka,

Soma barua ya Baba kwanza, ndiyo ile yenye doa la grisi. Nakutumia yenyewe, si nakala, ili usiseme nimeitunga. Irudishe.

Umesoma? Sasa nakwambia habari ya kijitabu. Hicho sikutumii, amesema kiwekwe kabatini na nimekiweka. Lakini kwanza nilikaa nacho jikoni na Mama. Redio ya Bibi Apolonia ilikuwa imekufa kwenye mbio ya kumi na tatu, balbu yake ya ndani iliungua, na mume wake alikimbia mitaa miwili kutafuta nyingine. Aliporudi walikuwa kwenye mbio ya kumi na saba. Kwa hiyo karatasi yangu ya sukari ina tundu katikati, na kwa siku kadhaa sikujua kama uliendesha.

Kijitabu cha Baba hakina tundu. Watu wa akiba hawachapwi majina, safu zao zinaachwa wazi chini kabisa. Kwenye safu ya kumi na saba ameandika kwa wino, herufi kubwa, jina letu la ukoo na herufi yako: DROZDA K. Na kwenye mbio ya kumi na nne, mbili. Ile mbili imekaa vibaya kidogo, kalamu imekwaruza. Lazima aliandika akiwa amesimama, labda juu ya mpini wa reki.

Mama aliniambia nijumlishe. Mbio ishirini, alama sita kila mbio, lazima itoke mia moja na ishirini. Nilijumlisha mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Mia moja na ishirini. Mama akasema, "Basi hesabu imetimia," akaenda kuangalia jiko. Lilikuwa linawaka kweli, lakini alikaa huko muda mrefu.

Baba amerudi jana. Hajakutaja. Ila asubuhi hii alimuuliza Mama kama yule wa Kamlin bado anakula knedle za plamu, yale madonge matamu ya kuchemsha, maana mwaka huu mti umezaa sana na sukari ya kuponi bado ipo. Mama akamuuliza, yule wa Kamlin nani? Baba akakoroga kahawa. Akakoroga sana. Kisha akasema, "Kornel."

Ludka


Kamlin, 4 Septemba 1978

Ludka,

Nairudisha barua yake. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba doa la grisi sasa ni mawili, la pili ni langu.

Tarehe kumi na saba tunakuja kwenu. Mechi ya ndugu kwa ndugu, kama magazeti yanavyoiita, watu wanatupiana mayai tangu kituo cha treni. Safari hii sitalala kabla yake. Nitapigiwa mluzi na uwanja mzima kama kawaida, hilo nimezoea. Ninachotaka kujua ni kimoja, muulize Baba kwa niaba yangu, na niandikie jibu lake neno kwa neno, bila "mwanangu mpendwa": kona ya pili, siku hiyo, itakuwaje? Akimwaga nje, watu wa kwenu watasema anawauza kwa ajili yangu. Asipomwaga, watasema ananiadhibu. Vyovyote afanyavyo, watasema. Sitaki asemwe.

Mwambie pia kwamba najaribu kufunga mdomo.

Kornel


Borzyce, 10 Septemba 1978

Kaka,

Nilimuuliza Baba tukiwa uwanjani, mbele ya Bwana Hipolit, kwa sauti ambayo hata vijana wa reki waliisikia. Sijui ilitoka wapi. Alichana njia mpaka mwisho wa mstari, akaweka reki begani, akaenda nyumbani. Nikadhani nimeharibu kila kitu.

Jioni nilimkuta mezani na kalamu ileile ya kijitabu. Alikuwa ameshamaliza kukuandikia. Ameniambia nisikunje mara mbili. Naambatanisha.

Posta nimewaandikia kuwakatalia. Niliandika kwa heshima, mistari mitatu.

Bwana Hipolit anauliza kama safari hii aje amekula kabisa.

Ludka


Kornel.

Tarehe kumi na saba mimi nitakaa jukwaani, safu ya sita, na kijitabu. Nimenunua tiketi kama mtu yeyote.

Njia ni ya Ludka. Maji atamwaga yeye. Nimemuuliza atamwagaje kona ya pili, amesema sawasawa kwa wote, na kwamba tusimsumbue.

Baada ya mechi njoo nyumbani kwa mlango wa mbele. Kuna knedle.

Funga mdomo.

Baba